Bumu Likiingia, Nani Atabaki Macho? Mwongozo wa kupunguza madhara ya pombe kwa wanafunzi wa vyuo Dodoma

Ijumaa ambayo bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, limeingia huhitaji kutangaziwa. Foleni ya wakala wa pesa inafika barabarani, bajaji zinashuka mjini kutoka kule juu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, zimejaa, na ikifika saa nne usiku ukienda Chako ni Chako hupati meza. Wa vyuo vingine nao, wa Mipango wapo, wa CBE wapo, wa Mtakatifu Yohana wapo. Nami nilikuwa naenda.

Mwaka wangu wa pili, usiku kama huo, wenzetu wawili walimleta mdogo wetu wa mwaka wa kwanza kwenye geto letu Ng'ong'ona, miguu yake inaburuzika. Tulimlaza chali kwenye godoro, tukamwekea ndoo kando, tukazima taa. Mmoja wetu akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu siku ile: "Mwacheni alale, asubuhi atakuwa poa." Jirani yetu, dada aliyekuwa anasoma uuguzi, alikuja kuazima chaja. Akawasha taa, akamwangalia midomo, akamgeuza alale ubavu. Dakika kumi hazikuisha, yule kijana akatapika bila kuamka. Angekuwa bado yuko chali, matapishi yale yangeingia kwenye mapafu, na sisi watatu tungekuwa nje tunapiga soga.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika nikiwa na hofu moja mahususi: "mwache alale". Kama hunywi kabisa, uko mahali salama kuliko wote, na usikubali mtu akufanye ujione mshamba. Ila usome mpaka mwisho, maana kwenye chumba cha watu wanne wewe ndiye utakayeamshwa saa nane za usiku. Kama unakunywa, sitakuhubiria. Naomba tufuate hatua hizi pamoja.

Hatua ya 1: Hesabu pombe, usihesabu chupa

Mtu akikwambia "nimekunywa mbili tu", hujajua kitu. Mbili za nini? Shirika la Afya Duniani hutumia kipimo kimoja chenye gramu 10 za pombe halisi. Ili ujue chupa yako ina gramu ngapi, soma lebo: zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, kisha zidisha kwa 0.008.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inatoa gramu 20, yaani vipimo viwili. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35, ile inayoingia mfukoni, inatoa gramu 56. Hivyo ni vipimo vitano na nusu, karibu sawa na bia tatu, na kuna watu huimaliza wakiwa bado wanasubiri bajaji. Serikali ilipiga marufuku viroba, vile vya mifuko ya plastiki, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini tabia ya kubeba pombe kali mfukoni imehamia kwenye chupa hizi.

Mvinyo nao uangaliwe kwa jicho la pekee hapa kwetu. Dodoma ni mkoa wa zabibu, kuanzia Mpunguzi hadi Hombolo, na mvinyo mtamu ni rahisi kuupata. Utamu wake unawafanya wengi, hasa wanaoanza, waunywe kama juisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 72. Wawili wakigawana, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili.

Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna cha kuliharakisha. Kahawa haisaidii, kuoga maji ya baridi hakusaidii, supu haisaidii. Mtu aliyekunywa bia tano kati ya saa mbili na saa sita usiku ana gramu 100 za kushughulikia. Saa mbili asubuhi anaweza kuwa bado na pombe mwilini, na huyo ndiye aliyekalia pikipiki kuwahi kipindi.

Wasichana, mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanaume wa uzito uleule, kwa hiyo glasi ileile humpandisha zaidi. Kushindana na wavulana glasi kwa glasi ni mashindano ambayo mizani yake haiko sawa tangu mwanzo.

Hatua ya 2: Jipime kwa maswali matatu

Maswali haya yametolewa kwenye dodoso la Shirika la Afya Duniani linaloitwa AUDIT. Yajibu ukiwa peke yako, maana mbele ya washkaji watu huongeza au hupunguza.

La kwanza, unakunywa mara ngapi? Kamwe ni 0. Mara moja kwa mwezi au chini ya hapo ni 1. Mara mbili hadi nne kwa mwezi ni 2. Mara mbili hadi tatu kwa wiki ni 3. Mara nne au zaidi kwa wiki ni 4.

La pili, siku unayokunywa, unakunywa vipimo vingapi? Kimoja au viwili ni 0, vitatu hadi vinne ni 1, vitano hadi sita ni 2, saba hadi tisa ni 3, kumi na kuendelea ni 4. Kumbuka bia moja ya nusu lita ni vipimo viwili. Hapa ndipo wengi hujidanganya.

La tatu, ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja? Kamwe ni 0, chini ya mara moja kwa mwezi 1, kila mwezi 2, kila wiki 3, kila siku au karibu kila siku 4.

Jumlisha. Mwanaume akifikisha 4 na mwanamke akifikisha 3, unywaji wake umeanza kuwa wa hatari na inafaa azungumze na mtu wa afya. Ukipata 8 au zaidi, usisubiri uone kama sapu, ile mitihani ya marudio, zitakuja.

Jambo jingine la kujua unapojipima: wanafunzi karibu kila mahali hudhani wenzao wanakunywa kuliko wanavyokunywa kweli. Watafiti Perkins na Berkowitz walilionyesha hilo kwenye chuo kimoja Marekani mwaka 1986, na likaonekana tena katika vyuo vingi vingine. Wanaoonekana ni wale wanaopiga kelele. Waliobaki chumbani wanapika wali au wanasoma hawaonekani, na ni wengi.

Hatua ya 3: Pesa igawanywe kabla jua halijazama

Siku bumu linapoingia, kabla ya yote, lipa kodi ya geto, nunua unga, mchele na mafuta, weka nauli ya kurudi nyumbani. Zilizobaki zihamishie kwenye laini au akaunti ambayo huendi nayo baa. Toka na fedha taslimu uliyoipangia usiku huo, na simu yenye salio la nauli tu.

Na raundi muikatae tangu mwanzo. Mkiwa sita na kila mmoja akanunua raundi, kila mtu atakunywa sita, atake asitake, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana amekula vya watu akasepa. Kila mtu ajilipie. Aseme mmoja mkifika mezani, "jamani leo kila mtu na bili yake," halafu muagize.

Hatua ya 4: Kabla ya kutoka

Kula, na namaanisha chakula kinachokaa tumboni: ugali na maharage, wali na nyama, ndizi. Chakula huchelewesha pombe kuingia kwenye damu. Aliyeshinda na chapati moja na chai tangu asubuhi atapanda haraka kuliko wote mezani.

Chagueni mlinzi. Huyu ni mtu mmoja katika kundi ambaye usiku huo hanywi hata tone, na zamu hubadilika kila mnapotoka. Mlokole wenu au rafiki yenu Mwislamu asifanywe mlinzi wa kudumu kwa sababu tu hanywi. Mlinzi ana simu iliyojaa chaji, ana namba ya dereva wa bajaji mnayemfahamu, anajua mko wangapi na anawahesabu mkitoka. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kuondoka, na mkubaliane hivyo mkiwa bado mna akili zenu.

Kama unatumia dawa, uliza kwanza. Metronidazole, ambayo wengi wanaiita Flagyl, haichanganywi na pombe. Dawa za usingizi kama diazepam, na tramadol, ndizo za kutisha zaidi, maana zikikutana na pombe zinaweza kuzima pumzi.

Hatua ya 5: Mezani

Kila ukimaliza kinywaji kimoja, kunywa glasi ya maji. Maji hayapunguzi pombe iliyokwisha ingia, lakini yanakupa nafasi, na hewa ya Dodoma ni kavu, utaishukuru koo yako. Kunywa ukiwa umekaa, na usimruhusu mtu akujazie glasi kabla haijaisha. Ukijaziwa jaziwa, hesabu imepotea.

Usichanganye pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini inaficha ulevi bila kuupunguza: unajiona mzima, unaongeza, na pombe kwenye damu inaendelea kupanda.

Glasi yako ikae mkononi. Ukienda msalani, mwachie mlinzi, la sivyo ukirudi usiinywe tena.

Kukataa kuna maneno yake, na mafupi ndiyo hufanya kazi. "Nimetosheka." "Kesho nina testi." "Niko kwenye dawa." Ukitoa maelezo marefu unampa mwenzako mlango wa kubishana. Na kama wewe ndiye unayelazimisha wenzako kwa maneno ya "wewe ni mwanaume gani", nakuomba uache. Hata yule wa mwaka wa kwanza hakupenda. Alinieleza mwenyewe baadaye kwamba kuanzia chupa ya pili alikuwa anatafuta namna ya kuondoka bila kuchekwa.

Kuhusu gongo sina mengi: ni haramu kisheria, hujui ina asilimia ngapi, na pombe isiyo na lebo inaweza kuwa na methanoli. Wanzuki na pombe nyingine za kienyeji hazina kosa kwa kuwa za kienyeji, ila ukali wake hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo hesabu ya hatua ya kwanza haikusaidii. Methanoli huchelewa. Mtu anaweza kulala vizuri, halafu saa 12 hadi 24 baadaye aanze kuumwa kichwa na tumbo, kuhema haraka na kuona ukungu. Akikwambia kesho yake "sioni vizuri", usiite hangova. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na wote mlioshiriki chupa ile mwende naye.

Hatua ya 6: Kurudi

Vyuo vyetu vimetawanyika. Kutoka mjini hadi UDOM si mwendo wa miguu usiku, na hata ukishafika, kutoka koleji moja hadi nyingine ni safari. Bajaji moja yenye watatu ni salama kuliko bodaboda tatu. Mlevi aliyepakiwa kwenye bodaboda anaweza kusinzia na kuanguka hata kama dereva ni mzima. Dereva akinuka pombe, mwacheni aende zake.

Hakuna anayebaki nyuma. Hata yule anayesema "nyie tangulieni, mimi nipo na huyu". Huyu ni nani? Mlinzi aulize.

Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi kali na upepo. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi, mtu anahisi joto huku mwili unapoteza joto. Aliyelala kwenye benchi au kando ya njia miezi hiyo yuko hatarini kwa baridi yenyewe.

Hatua ya 7: Mtu amezidiwa

Kama utakumbuka sehemu moja tu, iwe hii.

Kwanza elewa kwamba aliyelala anaendelea kulewa. Pombe aliyokunywa nusu saa iliyopita bado iko tumboni na kwenye utumbo, inaingia kwenye damu akiwa amefumba macho. Ndiyo maana mtu anaweza kufika chumbani akiimba, na saa moja baadaye asiamke.

Mwite kwa jina kwa sauti kubwa. Mfinye kwenye ukingo wa bega. Akifumbua macho na kujibu, hata kwa matusi, ni nafuu, lakini hajavuka bado. Sasa hesabu pumzi zake. Weka saa ya simu, mwangalie kifua kwa dakika nzima. Washa taa, ukitumia tochi mwangalie midomo kwa ndani, ufizi na kucha, maana kwenye ngozi yetu nyeusi ubluu au weupe wa kukosa hewa huonekana hapo kwanza.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya: haamki au anaamka na kuzima tena papo hapo, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au kati ya pumzi na pumzi zinapita zaidi ya sekunde 10, anatapika bila kuamka, mwili ni wa baridi na unyevunyevu, midomo au kucha zimebadilika rangi, amepata degedege, au aliangukia kichwa. Dalili moja inatosha. Usingoje zikamilike.

Wakati usafiri unatafutwa, mlaze ubavu. Piga magoti kando yake. Mkono wake ulio upande wako ukunje, uelekee juu kama anayepunga. Mkono wa pili uvute kupita kifuani, mgongo wa kiganja ukae kwenye shavu lililo upande wako, uushikilie hapo. Kwa mkono wako mwingine kunja goti lake la mbali, kisha livute kuelekea kwako: mwili wote utageuka wenyewe, hata kama yeye ni mzito kuliko wewe. Inua kidevu kidogo, mdomo uelekee chini ili chochote kikitoka kimwagike nje. Mfunike. Na mtu abaki naye, akihesabu pumzi. Asipopumua kabisa, anzeni kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Msimpe maziwa, kahawa, ndimu wala maji ya chumvi. Msimtapishe kwa kidole. Msimtembeze uani akiwa ameshikiliwa mabega, msimmwagie maji. Nimeona yote hayo yakifanywa kwa upendo kabisa, na yote yanaweza kumpaliza, kumwangusha au kumpoza zaidi.

Kwa walio UDOM, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani. Kwa walio mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo kila dereva anaijua kwa jina la General. Mkifika semeni ukweli wote: amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama kulikuwa na vidonge. Chukueni na chupa. Daktari anataka kujua cha kutibu. Hajakaa pale kumshtaki mtu.

Hatua ya 8: Mwili wa mtu

Mtu aliyelewa hawezi kuridhia. Hilo halina "lakini alikuja mwenyewe" wala "ni demu wake". Ukiona mwenzako anamwongoza msichana asiyeweza kusimama kuelekea chumbani, simama mbele ya mlango. Mwite mlinzi, mwite rafiki wa yule dada, sema umepoteza simu, fanya lolote lisimamishe safari ile.

Kama limeshatokea, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo hufanya kazi vizuri zikimezwa mapema. Asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari, kama anaweza. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na vyuo vingi sasa vina dawati lao la jinsia. Wewe rafiki, kazi yako ni kwenda naye na kumwamini. Usimuulize kwa nini alikunywa.

Hatua ya 9: Asubuhi, na mwenzako anayezama

Asubuhi ni maji, uji wenye sukari, na kupumzika. Kuzimua kwa bia nyingine kunasogeza maumivu mbele na kufungua mlango wa kunywa kila siku. Panadol nyingi juu ya pombe nyingi hulichosha ini, kwa hiyo usizidi kipimo.

Mwenzako akianza kukosa vipindi, kukopa kila wiki, kunywa asubuhi, au kukumbushwa mambo asiyoyakumbuka, zungumza naye akiwa mzima, mkiwa wawili, siku za katikati ya wiki. Sema ulichokiona kwa macho: "Jumanne ulikosa testi. Juzi ulilala nje. Nina wasiwasi na wewe, kaka." Halafu nyamaza, umsikilize. Mara nyingi chini ya pombe utakuta msiba, ada, au disko, yaani kufukuzwa masomo kwa kufeli, inayonyemelea.

Lakini kama anakunywa sana kila siku, usimwambie aache ghafla leo. Mwili uliozoea ukikatiwa pombe unaweza kutetemeka, kutoka jasho, na kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine huchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu, na hali hiyo huua. Kuacha kwake kunahitaji daktari. Hapa Dodoma tuna Mirembe, na najua jina hilo linavyotumiwa kama tusi mitaani. Ni hospitali ya afya ya akili. Watu wanaoijua kazi hii wako pale, kilomita chache kutoka chuoni kwako. Nimewahi kumsindikiza mtu, tukakaa kwenye benchi kama wagonjwa wengine, tukaitwa, akaongea, tukarudi kula chakula cha mchana.

Kwa viongozi wa serikali za wanafunzi na walezi wa hosteli

Nina ombi moja kubwa kwenu kuliko semina zote. Wekeni kwa maandishi kwamba mwanafunzi atakayepiga simu au kumleta mwenzake aliyezidiwa hataadhibiwa, yeye wala mgonjwa, kwa kosa la kulewa usiku huo. Usiku ule wa Ng'ong'ona, tulipokuwa tunabishana kama tumpeleke au la, hofu iliyotushika ilikuwa barua ya nidhamu. Tulipoteza dakika ishirini. Litangazeni kwenye wiki ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, mlirudie bumu linapokaribia na siku UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinapoisha, na kila bloku iwe na watu wawili waliofundishwa kumgeuza mtu ubavu.

Nyuma ya mlango wa chumba chenu, kwa kalamu nene, andikeni namba ya zahanati ya chuo, ya msimamizi wa hosteli, ya dereva wa bajaji anayepokea simu saa nane usiku, na 112 ya polisi. Chini yake andikeni jina la mlinzi wa Ijumaa hii.